Mtendaji Anapojisimulia: Insha ya Kozi katika Udaktari wa Elimu, Ikisomwa kutoka Kasongo

Utangulizi

Ziko insha ambazo huandikwa, husahihishwa, hutiwa alama, kisha hufungiwa kabatini zisisomwe tena. Insha ya kozi ni mojawapo. Wahakiki hawaihesabu kuwa utanzu, na wanaoiandika mara nyingi huiona kuwa kizingiti tu cha kuvukwa kabla ya kuruhusiwa kuanza tasnifu. Makala haya yanakusudia kuichukulia kwa uzito zaidi. Yanaisoma insha ya mwalimu aliye kazini, anayesomea udaktari wa elimu, kama simulizi ya nafsi, na yanaielekezea maswali ambayo mhakiki wa tawasifu huyauliza: msimulizi anajionyesha wapi, anajificha wapi, na ni nani aliyemo ndani ya simulizi lakini hapewi nafasi ya kusema?

Mfano umechukuliwa Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, kwa sababu mbili. Kwanza, mwalimu wa huko huishi kati ya lugha tatu, naye akipanda hadi ngazi ya udaktari hudaiwa aandike kwa ile anayoitumia kwa nadra zaidi na wanafunzi wake. Pili, ni nchi hiyo hiyo inayochukua sehemu kubwa ya matukio ya tawasifu mashuhuri ya Kiswahili iliyoandikwa na mtu wa kazi kuhusu kazi yake, yaani Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Mwalimu na mfanyabiashara wa pembe hawafanani kwa lolote la kimaadili. Hata hivyo, mbinu za usimulizi za mmoja zinafichua udhaifu unaojirudia katika insha za mwingine.

Hatua ya Kozi na Asili Yake

Udaktari wa elimu unaokusudiwa watu walio kazini, yaani walimu, wakuu wa shule, wakaguzi na waandaaji wa mitaala, una historia yake. Chuo Kikuu cha Harvard kilitoa shahada ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1921. Uingereza ilingoja hadi 1992, Chuo Kikuu cha Bristol kilipoianzisha. Umbile lake ni kwamba mtahiniwa haanzi na tasnifu. Kwanza hupitishwa katika kozi, kwa kawaida kwa muda wa miaka miwili hivi huku akiendelea na kazi yake, pamoja na wenzake walioanza naye. Husoma nadharia za elimu, mbinu za utafiti, sera na uongozi. Kila kozi huishia katika insha, na insha hizo ndizo zinazoamua kama ataruhusiwa kuingia katika utafiti. Baada ya hapo kundi hutawanyika, kila mmoja akabaki na msimamizi wake.

Anayepita hatua hiyo hukutana na jambo la ajabu kidogo. Kazini yeye ndiye anayejua, na watu humjia kwa ushauri. Darasani anarudi kuwa mwanafunzi, naye anaambiwa kwamba ujuzi wake wa miaka 15 au 20 ni tajriba tu, ni malighafi, na kwamba hautahesabiwa kuwa elimu mpaka upitishwe katika nadharia za watu wengine. Wapo wanaokubali upesi mno. Hao huandika insha ambazo kila aya imeegemezwa kwa mtaalamu wa ng'ambo, na shule yao wenyewe haionekani isipokuwa katika sentensi ya kwanza na ya mwisho. Wapo wanaokataa, wakajaza kurasa kwa visa vya shuleni kwao, nao hurudishiwa insha zikiwa zimeandikwa pembeni kwa wino mwekundu kwamba simulizi ni nyingi na uchambuzi haupo. Tatizo lote la hatua ya kozi limo kati ya makundi hayo mawili.

Donald Schön, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu mtendaji anayetafakari, alijaribu kulitatua. Alidai kwamba mtu hodari katika kazi yake hatumii tu nadharia alizofundishwa, bali hufikiri ndani ya tendo lenyewe, na kwamba fikra hiyo ni elimu kamili hata kama mwenyewe hajui kuieleza. Wazo hilo lilikuwa la ukombozi kwa walimu. Lilizaa insha ya tafakuri, ambayo leo ni sehemu ya kawaida ya kozi hizi. Lakini wazo likishageuzwa kuwa kigezo cha kusahihishia hupungua nguvu. Wanafunzi wamejifunza namna ya kuonekana wanatafakari: hutajwa kosa dogo, huelezwa hisia, huahidiwa mabadiliko, na alama hupatikana.

Shahada yenyewe pia imepata wapinzani. Mwaka 2005 Arthur Levine alipendekeza ifutwe kabisa nchini Marekani. Mwaka uliofuata Lee Shulman na wenzake walishauri ijengwe upya ili isiwe kivuli cha udaktari wa falsafa, na mwaka 2007 ukaanza mradi wa vyuo kadhaa, chini ya mwavuli wa Carnegie, wa kuitengeneza. Mjadala huo haukuhusu sana lugha ya mtahiniwa wala umbo la insha zake, na hilo halishangazi, kwa kuwa washiriki wake walio wengi walisoma, walifundisha na waliandika kwa lugha moja.

Katika Afrika Mashariki hali ilikuwa nyingine. Mapokeo ya Kiingereza yaliyorithiwa na vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam yalimpa mtahiniwa wa udaktari mada, msimamizi na miaka, bila kozi. Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere ilipoanzisha mwaka 2012, chini ya Mahmood Mamdani, udaktari wenye miaka miwili ya masomo kabla ya utafiti, hoja iliyotolewa ilikuwa nzito: mtafiti asiyesoma kwa upana hubaki mkusanyaji wa data kwa maswali yaliyotungwa na wengine. Huo si udaktari wa kikazi, lakini hoja yake inauhusu pia.

Nchini Kongo, kitu kilicho karibu zaidi na hatua ya kozi ni masomo ya ngazi ya tatu, ambayo katika utaratibu uliozoeleka kabla ya mageuzi ya LMD humpa mtahiniwa diploma ya masomo ya juu kabla hajaruhusiwa kuandika tasnifu ya udaktari. Hapa historia imemwekea mwalimu wa Maniema kikwazo cha pekee. Vyuo vitatu vya Kongo vilipounganishwa mwaka 1971 kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, vitivo viligawanywa kwa miji: saikolojia na elimu vikawekwa Kisangani, na fasihi na isimu Lubumbashi. Kwa miaka 10, hadi muungano huo ulipovunjwa mwaka 1981, aliyetaka kujifunza namna mtoto anavyofundishwa alielekea kaskazini, na aliyetaka kujifunza lugha ambayo mtoto huyo anafundishwa kwayo alielekea kusini. Kasongo iko katikati, mbali na kote kuwili. Lubumbashi kulikuwa na kituo cha isimu, CELTA, na huko ndiko wanaisimu wa Zaire walikokutana mwaka 1974 kujadili nafasi ya lugha za taifa. Kitivo cha elimu hakikuwa jirani yao. Mgawanyiko huo wa majengo umekwisha zamani. Mgawanyiko wa mawazo unaonekana bado katika mitaala ambayo huona lugha kuwa chombo cha kupelekea elimu, haioni kuwa ni elimu yenyewe.

Kazi Inavyosimuliwa katika Maisha

Hamed bin Muhammed aliandika habari zake Unguja katika miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki mwaka 1905, kwa ombi la Mjerumani Heinrich Brode. Brode alizichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, kwa herufi za Kirumi pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Wasomaji wa Afrika Mashariki waliipata matini hiyo kwa urahisi zaidi mwaka 1958 na 1959, ilipotolewa na W. H. Whiteley, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Mwaka 1974 François Bontinck alitoa tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi sana, iliyochapishwa Brussels. Kwa hiyo msomi wa Kasongo anayeutafuta mji wake katika maktaba ya chuo anaweza kuyapata kwa Kifaransa kabla hajayapata kwa Kiswahili maneno ambayo yaliandikwa kwa Kiswahili kuhusu nchi yake.

Maisha hufundishwa kama mwanzo wa tawasifu katika nathari ya Kiswahili, na wanahistoria huyatumia kama ushahidi. Yanaweza kusomwa pia kwa namna ya tatu: kama maelezo ya mtendaji kuhusu utendaji wake. Yakisomwa hivyo, jambo la kwanza linaloonekana ni mwendo wa vitenzi. Simulizi inasukumwa na kiambishi -ka-. Msafara ukaondoka, ukafika, ukajenga, ukapigana, ukapata pembe, ukaondoka tena. Kiambishi hicho kina uwezo mkubwa wa kupanga matukio kwa mfuatano wa wakati, na kina udhaifu mmoja: hakimlazimishi msimulizi aeleze kwa nini. Tendo linazaa tendo kana kwamba hapakuwa na njia panda.

Jambo la pili ni hesabu. Pembe hupimwa kwa frasila, siku za njia huhesabiwa, mikopo na wakopeshaji hutajwa, akiwamo Taria Topan wa Unguja. Huyu ni mtu anayeijua kazi yake barabara na anayetarajia msomaji aithamini kwa vipimo vyake mwenyewe. Hakuna kujisifu kwa kelele. Ustadi umo katika utulivu wa kueleza mambo makubwa kwa sentensi fupi.

Kisa cha Utetela ndicho kinachomfaa zaidi mwalimu wa hatua ya kozi. Msimulizi anaeleza kwamba alisikia habari za mtawala aitwaye Kasongo Rushie, ambaye dada zake walichukuliwa mateka zamani. Akiwa na habari hizo, alimwendea mtawala huyo akidai kwamba yeye ni mjukuu wa mmoja wa dada hao. Alipokewa kwa furaha, akapewa utawala, na pembe za nchi zikawa zake. La kuvutia kwa mhakiki ni kwamba msimulizi hamfichi msomaji kitu. Anaonyesha wazi alikozipata habari na jinsi alivyoitunga nasaba. Anasimulia hila kama fundi anavyoonyesha kiungo cha mlango alichokichonga: tazama jinsi kilivyokaa.

Je, hiyo si tafakuri? Msimulizi anaeleza alichokijua, alichokipanga, alichokitenda na matokeo yake. Ingekuwa insha ya kozi, msahihishaji angeona kwamba mbinu imeelezwa vizuri, na angekuwa na haki ya kuona hivyo. Kinachokosekana ni upande wa pili wa tendo. Mtawala mzee aliyeamini kwamba damu ya dada yake imerudi nyumbani anaonekana kwa kiasi kile tu anachoisaidia hila ifanikiwe. Na nyuma yake wamo watu wengine wengi zaidi. Hamali, mateka na watumwa wamejaa katika kitabu: wanabeba, wanatoroka, wanakamatwa, wanagawanywa. Hawapewi nafasi ya kusimulia. Hata ile nasaba ya uongo imejengwa juu ya mwanamke aliyetekwa, ambaye kazi yake yote katika simulizi ni kuwa jina lenye faida.

Hapa ndipo Maisha yanapokuwa somo kubwa kuliko vitabu vingi vya mbinu. Mtendaji hodari anaweza kusema kweli juu ya kila alichokitenda na bado asiseme kazi yake iliwafanyia nini wengine. Ukimya wake hautokani na uongo. Unatokana na mahali alipopasimamia anaposimulia, yaani mbele ya msafara. Aidha, aliandika kwa kuombwa, na aliyemwomba alikuwa Mzungu aliyetaka kujua habari za bara, mapigano na wasafiri kama Stanley. Simulizi huchukua sura ya masikio yanayoisubiri. Mwanafunzi wa udaktari naye huandika kwa kuombwa, na anayemwomba ana kalamu nyekundu.

Mkuu wa Shule wa Lusangi

Chukuliwe mkuu wa shule ya msingi huko Lusangi. Mtu huyo ni wa kubuni, lakini hali yake haikubuniwa. Nyumbani husikia Kibangubangu. Na wazazi na watoto huzungumza Kiswahili, kile ambacho vitabu vya zamani vilikiita Kingwana. Ripoti zake kwa inspekta huandikwa kwa Kifaransa. Sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha za taifa na lugha za mazingira kuwa vyombo vya kufundishia, na yeye hakuhitaji sheria hiyo ili ajue kwamba mtoto wa darasa la kwanza haelewi hesabu kwa Kifaransa. Sasa amepata nafasi ya masomo ya ngazi ya tatu, naye anatakiwa aandike insha kuhusu uongozi wa shule na rasilimali zake.

Anaandika juu ya miaka aliyoijua vizuri, kabla ya Septemba 2019, serikali ilipoanza kuutekeleza mpango wa elimu ya msingi bila malipo. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2006 ilikwisha kusema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma. Lakini tangu mwanzo wa miaka ya 1990, mshahara wa serikali ulipopoteza thamani au kutofika, wazazi ndio waliomlisha mwalimu, na walimu wengine hawakuwamo kabisa katika orodha ya malipo. Shule zilibaki wazi kwa fedha za wazazi.

Rasimu ya kwanza ya insha yake ni nzuri. Inaeleza kwamba wazazi walihamasishwa, mchango ulikusanywa, walimu wasio na mshahara walilipwa, paa lilitengenezwa, na wanafunzi ambao hawakulipa walirudishwa nyumbani hadi watakapolipa. Kisha yanafuata maoni ya wataalamu wanne kuhusu uongozi shirikishi. Kiasi cha fedha kimetajwa kwa kila mwaka. Idadi ya mabati imetajwa.

Mhakiki akiisoma rasimu hiyo baada ya kuyasoma Maisha, ataona undugu wa mbali. Fedha zimehesabiwa kama frasila. Watoto waliotolewa hawakuhesabiwa. Na pale ambapo msimulizi wa zamani alitembea juu ya -ka-, huyu wa leo amejificha nyuma ya kauli ya kutendwa. Walirudishwa: na nani? Kauli ya kutendwa katika Kiswahili humruhusu mwandishi amtaje mtenda kwa kiunganishi 'na', au amwache nje kabisa bila sentensi kulegea. Kifaransa cha ofisini kina kiwakilishi chake kisicho na mtu, ambacho hufanya kazi hiyo hiyo. Mwandishi aliyelelewa katika ripoti hupokea mazoea hayo kutoka pande zote mbili. (Majarida ya kitaaluma, ambayo huwaondoa waandishi wake katika makala yao wenyewe, hayana kinga dhidi ya lawama hii.)

Uteuzi wa kitenzi nao una maneno yake. Ripoti husema mtoto alirudishwa. Mtoto mwenyewe, akiwa njiani kurudi kwao saa mbili asubuhi na daftari kwapani, husema wametufukuza kwa ajili ya minervali. Kurudisha na kufukuza hayatofautiani kwa ukali tu. Kurudisha kunadhania kwamba mtoto yuko mikononi mwa utaratibu na atakuja tena. Kufukuza kunamwona aliyefukuza. Mkuu wa shule anayajua maneno yote mawili, kwa kuwa anazisikia sauti zote mbili kila mwaka. Akiwa anaandika kwa Kifaransa, akifikiri kwa lugha ya ripoti, ni neno moja tu linalomjia.

Ni rahisi kumlaumu, na lawama hiyo isingefaa kitu. Swali la hatua ya kozi ni namna ya kumfikisha kwenye rasimu ya pili. Katika rasimu hiyo mtu mmoja amesimama mlangoni asubuhi na orodha mkononi, na mtu huyo ni mwandishi. Anasoma majina. Nyuma yake, darasani, yuko mwalimu ambaye jana alikopa unga kwa jirani. Akiwaacha watoto waingie, mwalimu ataondoka kwenda kuchimba dhahabu au kulima, na darasa zima litakuwa halina mtu. Akiwatoa, darasa litaendelea, wakiwamo wale waliolipa kwa kuuza mbuzi wa mwisho. Hapo, kati ya deni kwa mwalimu na deni kwa mtoto, ndipo alipofikiri kila asubuhi kwa miaka, na elimu yake iko hapo. Alijua ni mzazi gani angelipa akingojwa wiki mbili, ni nani asingelipa kamwe na ingefaa aachwe bila kusemwa, na ni siku gani ya kusoma orodha ili soko liwe limepita. Hakuna kitabu cha uongozi shirikishi kilichoyaandika hayo. Katika rasimu ya kwanza hayakuwamo kwa sababu aliamini kwamba hayana hadhi ya kuandikwa.

Ushahidi nao anao. Shule hutunza daftari la mahudhurio. Katika daftari hilo kuna majina ambayo alama zake zinakatika katikati ya ukurasa, zikaanza tena baada ya wiki tatu, na mengine ambayo hayaanzi tena. Mtaalamu wa mbinu za utafiti angeita data. Mkuu wa shule aliliona kuwa karatasi ya kumwonyesha inspekta. Insha ikilichukua daftari hilo na kuuliza ni majina ya nani yaliyokatika, wasichana au wavulana, watoto wa wachimbaji au wa wakulima, tayari inakuwa imeutoa mgongo wa tasnifu, bila mtahiniwa kuhama kutoka kwenye kazi yake.

Kusoma kwa Sauti

Ipo hatari katika kudai haya. Insha ya tafakuri inaweza kugeuka kuwa ungamo, na ungamo lililoandikwa linaweza kufika mikononi mwa mwajiri. Mkuu wa shule anayeandika kwamba aliwatoa watoto mlangoni ameweka saini kwenye ushahidi dhidi yake. Chuo kinachodai ukweli wa namna hiyo kina wajibu wa kuamua mapema nani ataisoma insha na itahifadhiwa wapi. Vyuo vichache hulitilia maanani jambo hilo katika hatua ya kozi. Masharti ya maadili ya utafiti huanza kukaguliwa wakati wa pendekezo la tasnifu, ilhali watu na majina yalikwisha kuandikwa tangu insha ya pili.

Kuhusu lugha, kuna mfano kutoka Lubumbashi. Mwaka 1965 André Yav aliandaa, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha mji huo, kwa tahajia isiyofuata kanuni yoyote ya shule. Johannes Fabian alipoitoa mwaka 1990, akisaidiwa na Kalundi Mango, iligundulika kwamba matini hiyo haisomeki vema kwa macho peke yake. Ilibidi Kalundi aisome kwa sauti, na sauti ndiyo iliyoonyesha sentensi inaanzia wapi na kuishia wapi. Katika Maisha anasema kiongozi wa msafara. Katika matini ya Yav wanasema wale waliobeba sahani na kupiga pasi, na mabwana ndio wanaotazamwa. Kozi ya udaktari wa elimu katika nchi ya Kiswahili ingeweza kuzisomesha matini hizo mbili pamoja katika wiki moja, na ingefunza juu ya nafasi ya msimulizi mambo ambayo mihadhara mingi ya nadharia hayafikishi.

Kalundi alichofanya kinawezekana katika semina yoyote. Rasimu ya insha, hata kama itakabidhiwa kwa Kifaransa au Kiingereza, inaweza kwanza kusimuliwa kwa Kiswahili mbele ya wenzake walioanza pamoja na mwandishi. Kundi hilo, ambalo vyuo hulichukulia kuwa urahisi wa ratiba tu, ndilo hadhira pekee inayoijua kazi kutoka ndani. Mtu akisema mbele ya walimu wenzake kwamba watoto walirudishwa, hapana shaka mmoja wao atauliza ni nani aliyewarudisha, naye hatakuwa na haja ya kumtaja Schön. Isitoshe, Dar es Salaam imekwisha kuonyesha kwamba tasnifu nzima ya udaktari inaweza kuandikwa kwa Kiswahili katika fasihi na isimu. Kwa idara za elimu hilo bado ni jambo la wengine.

Rasimu ya pili ya mkuu wa shule wa Lusangi itakuwa na marejeo machache kuliko ya kwanza, kurasa mbili zaidi, na maswali kadhaa yasiyojibiwa. Ikipimwa kwa vigezo vinavyotumika katika kozi nyingi hivi leo, ambavyo huhesabu idadi ya wataalamu waliotajwa, huenda ikapata alama ndogo. Ikitokea hivyo, kinachopaswa kusahihishwa ni karatasi ya vigezo.